Mchi Wako Katika Karatasi za Mashine

Ibanda, Bukavu

Mke wangu Nsimire,

Umeshinda. Naanza na hilo, maana hukuwahi kumpenda mtu anayezungukazunguka kabla ya kusema kilichomleta. Juzi, katika ofisi yetu ya zamani hapa mjini, mbele ya watu, huku binti yetu Furaha amekaa kando yangu, imejulikana kwamba ile kazi ya mashine uliifanya vizuri kunishinda mimi. Nimefurahi hadi majirani wanauliza kama nimeanza kunywa.

Unayakumbuka maisha yetu kule juu, kaskazini ya kisiwa cha Idjwi. Kijumba cha mawe kilichozama nusu ardhini, na ndani yake ile mashine ya kupima mitetemeko ya ardhi. Nyumba yetu ilikuwa hatua thelathini kutoka hapo. Kila asubuhi nilishuka ngazi tatu, nikaitoa karatasi ya jana kwenye pipa linalozunguka, nikaichovya katika vanishi ili mistari isifutike, nikaianika kwenye kamba yako ya nguo, nawe ukalalamika. Kisha nilishika karatasi mpya juu ya moshi wa taa ya mafuta hadi iwe nyeusi tii, nikaifunga kwenye pipa, na sindano ikaanza tena kuchora mstari wake mweupe. Nilingoja redio itoe alama ya saa, nikailinganisha na saa ya mashine. Nyuma ya karatasi niliandika siku, saa, nikatia sahihi. Halafu nilikwenda kusoma kipimo cha mvua. Hakukuwa na Jumapili wala Noeli, na boti ya mafuta na karatasi ilikuja ilipotaka yenyewe.

Nami nilikuwa mkali kupita kiasi. Sindano ilisikia kila kitu, mbuzi akipita, watoto wakikimbia, basi nikakataza kutwanga sombe, yale majani ya muhogo, pale nyumbani. Ulibeba majani yako hadi chini kwa shemeji yako, ukatwanga huko, ukapanda tena na beseni kichwani. Siku moja ulitua beseni ukaniambia, "Papa Furaha, we unaogopa mbuzi kuliko unaniogopa miye." Nilicheka sana, lakini sheria sikuibadilisha.

Halafu salari ya kila mwezi ikakatika. Ilikuwa ile miaka mibaya, boti haiji, barua hazijibiwi. Mwenzangu mmoja alirudi kutoka Kamituga na habari za dhahabu, nami nikafunga mfuko. Nilikuambia ni mwezi mmoja tu. Ulikuwa umembeba Furaha mgongoni, ukaniuliza, "Na mashine?" Nikasema iache ilale. Ukanitazama, ukasema, "Enda. Miye nabakia nayo." Nilidhani unanitania.

Nilikaa Kamituga mwaka mmoja na nusu. Sina cha kukusimulia zaidi ya matope. Niliporudi mikono mitupu nilikukuta umesimama mlangoni, vidole vyeusi kwa moshi hadi kwenye kucha. Hukunigombeza. Ulinivuta ndani, ukanionyesha mafurushi ya karatasi uliyoyafunga kwa kamba za migomba, siku baada ya siku, bila hata moja kukosekana. Ulikuwa umeniangalia nikifanya kazi ile miaka yote, na ulikuwa umeishika kichwani mwako mwanzo hadi mwisho. Nyuma ya kila karatasi uliandika siku na saa kwa mwandiko wako wa shule ya msingi. Pa sahihi uliacha wazi.

Nikakuuliza kwa nini.

"Hapo ni pako," ukasema. "Bakijua haukukuwaka hapa, batakufukuza ku kazi."

Nikachukua kalamu, nikazisaini zote mchana uleule, wewe ukinichemshia chai. Tangu hapo, na hata baada ya wewe kututoka, nimekuwa nikijigamba parokiani na mbele ya wazee wenzangu wa kazi kwamba sikukosa hata siku moja. Watu wameniheshimu miaka yote hii kwa siku ambazo hazikuwa zangu, nami nikanyamaza.

Sasa sikiliza. Mwaka huu ofisi inazipiga picha karatasi zote za zamani ili zihifadhiwe katika kompyuta, na injinia mmoja kijana, binti anayeitwa Solange, aliniita nimsaidie kusoma maandishi. Furaha akanisindikiza kwa sababu ya magoti yangu. Tulikwenda vizuri hadi tulipofikia yale mafurushi ya migomba. Solange akayatazama muda mrefu, kisha akaniambia kwa upole, "Papa, hizi tutaziondoa. Kila siku ku saa ine iko kitu inapiga, inapiga, kisha inaacha. Mashine ilikuwaka na pane. Na ona, siniatire zako zote huku nyuma ni za bic moja, kalamu ileile. Ni kama mutu alizitengeneza siku moja."

Ningeweza kukubali. Ningesema ndiyo, mwanangu, mashine ilikuwa mbovu, kisha nirudi nyumbani na heshima yangu. Lakini niliinama niitazame hiyo pane, huo ubovu aliousema. Vipigo vinafuatana sawasawa, vinapumzika kidogo, vinaanza tena.

"Na siku ya Jumapili haionekani," akasema Solange.

Jumapili kwetu tulikula sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, wala sombe haikutwangwa. Nikaanza kucheka peke yangu kama mwenda wazimu, Furaha akanishika mkono. Ilikuwa ni mchi wako, Nsimire. Nilipogeuka tu mgongo ulileta kinu nyumbani, ukatwanga sombe yako kwa raha zako, hatua thelathini kutoka kwenye mashine ya serikali.

Niliendelea kufunua huku nacheka, hadi nikafika mahali ambapo kicheko kiliniishia. Siku saba mfululizo hakuna mchi. Mstari umenyooka kabisa. Karatasi imebadilishwa kila asubuhi, saa ileile, kwa mwandiko uleule, ila hakuna aliyetwanga kitu. Nikageuza nyuma nisome tarehe. Ilikuwa wiki ya matanga ya mama yako. Majirani walileta chakula kilichokwisha pikwa, nawe ulishuka kumlilia mzazi wako, ukapanda kubadilisha karatasi, ukashuka tena. Mimi nilikuwa ndani ya shimo Kamituga, hata habari sikuwa nayo.

Nikasimama. Nikawaambia, "Mashine haikukuwa na pane. Ni miye sikukuwako. Hii kazi yote ni bibi yangu aliifanya, na siniatire ni za uongo, nilizitia miye." Nikawaeleza habari ya mchi, na ya Jumapili, na ya zile siku saba. Furaha, ambaye hakuwahi kujua, akaniuliza mbele ya wote, "Papa, ulikuwaka wapi?" Nikamjibu. Akauachia mkono wangu.

Solange hakunikaripia. Alichagua tetemeko moja katika karatasi zako, akalitafuta katika karatasi za kituo kingine cha ng'ambo ya ziwa. Likawepo, dakika ileile. Akatafuta la pili, la tatu, la nne, yote yakawepo. Kisha akakagua alama za saa ulizozilinganisha na redio, akazipima na za miaka yangu mimi, akiandika na kufuta. Mwishowe akainua kichwa, anajizuia kucheka. "Papa, unisamehe. Lakini saa ya maman iko sawa kuliko ya kwako."

Watu wakapiga makofi. Nami nilipiga kuliko wote, mke wangu, mikono ikaniwasha. Karatasi zako hazitaondolewa. Katika orodha, kwenye ile miezi kumi na minane, jina langu limefutwa na lako limeandikwa zima, Nsimire, bila "mke wa fulani". Solange aliponiuliza aandike ulikuwa na kazi gani, nilimwambia aandike ileile aliyoniandikia mimi: mwangalizi wa kituo.

Ninaona haya, siwezi kukuficha, na nina furaha kubwa kuliko haya hiyo. Kinachoniuma ni kwamba ningeweza kuyasema haya wewe ukiwa hapa, ukanitania mpaka jioni. Furaha alikaa siku mbili bila kunisemesha. Leo asubuhi ameniletea chai, akavuta kiti, akasema, "Papa, nihadisie juu ya maman." Nimemhadithia hadi chai imepoa.

Limebaki jambo moja. Kwenye matanga yale, kama ulivyonisimulia niliporudi, kaka zako waliokuja kutoka kusini ya kisiwa, wasiojua kwamba nimeondoka, waliuliza mkwe yuko wapi. Uliwajibu kwamba nimebaki na mashine, kwamba haiachwi hata siku moja. Waliamini, na hadi leo nikifika kwao nawekewa kiti cha mbele kwa ajili ya hilo. Jumamosi napanda boti kwenda Idjwi. Furaha anakwenda nami, na Solange ametupatia picha za karatasi za zile siku saba. Nitazipanga mbele ya kaka zako, nami nitazungumza nikiwa nimesimama. Wanipe kiti au wanifukuze, ni haki yao. Lakini watajua kwamba mkwe wao hakubaki na mashine. Aliyebaki nayo, huku machozi hayajakauka, ni dada yao.

Pumzika, Nsimire. Kazi yako imepokelewa.

Mumeo,
Papa Furaha