Jina la Ugonjwa Wako, Baba

Baba,

Shikamoo. Hata kwenye barua siwezi kuanza bila hiyo, usije ukasema mji umeniharibu.

Nina kazi mpya. Mimi ni karani wa daktari kwenye kliniki moja ya macho hapa Singida mjini. Najua ulikuwa unaniombea ualimu, lakini nisikilize kwanza. Daktari anampima mgonjwa, anataja anachokiona, na mimi nimekaa na kompyuta yangu naandika. Yeye hageuki kuniangalia, shughuli yake iko kwenye macho ya watu. Nikikosea mimi, faili limekosea, na atakayelisoma kesho ataliamini.

Maneno yalinitoa jasho. Nilikuwa najua jicho lina mboni na kope, basi. Kumbe ndani kuna vitu chungu nzima, kila kimoja na jina lake, na kila jina na kifupisho chake. Jicho la kulia lina herufi zake, la kushoto zake. Nilizibandika juu ya kitanda na juu ya jiko, mpaka mume wangu Daudi akauliza kama na yeye atafanya mtihani.

Na bado nikavurunda. Wiki ya pili alikuja bibi mmoja wa Ihanja mwenye mtoto wa jicho, anasubiri kupangiwa upasuaji. Dokta Rehema alitaja upande mara moja tu, mimi nikachelewa, nikaona nimalizie kwa kumtazama bibi mwenyewe. Tulikuwa tumetazamana. Jicho lenye ukungu lilikuwa mkono wangu wa kulia, nikaandika la kulia. Lilikuwa la kushoto. Dokta aliliona kosa kabla hajasaini. Hakunifokea. Bibi alipotoka, alinikalisha kwenye kiti cha mgonjwa akaniambia nishike jicho langu la kushoto. “Ukisita, jione umekaa kwenye kiti hiki,” akasema. “Unaandika jicho lake yeye, si lile lililo upande wako.” Nilikwenda chooni nikalia. Tangu siku hiyo, kabla sijaandika upande, nagusa jicho langu mwenyewe. Wagonjwa wanadhani naumwa.

Nimejifunza pia kwamba kutoona kuna ngazi. Mtu akishindwa herufi za ukutani hata akisogezwa, anaonyeshwa vidole, naandika: anahesabu vidole. Akishindwa, anapungiwa mkono. Akishindwa na hilo, anamulikwa tochi: anaona mwanga, au haoni mwanga. Mara ya kwanza kuandika hilo la mwisho, nilikuona wewe. Ngazi hizo ulizishuka zote pale Ilongero, mbele yetu, na hakuna aliyeandika. Kuna mwaka ulitujua kwa sura. Kuna mwaka uliona kanga ya mama ikipita ukajua ni yeye. Kisha ukabaki kugeuzia uso dirisha.

Halafu siku moja akaja dereva wa lori. Mbele anaona vizuri, ila anagonga vitu vya pembeni. Dokta akamaliza kumpima, akataja: presha ya macho, eneo la kuona limepungua pembeni. Nikaandika. Kisha nikakukumbuka wewe, na sentensi iliyofuata ilibidi dokta airudie.

Ulikuwa unaiona bodaboda ikitokea mbali, unataja ni ya nani, kisha unageuka unakanyaga alizeti niliyoianika mguuni pako. Nilikuwa na miaka kumi na sita na mdomo mrefu. “Baba, si uangalie unapokanyaga?” Ukaniambia, “Nisamehe mama, sikuiona.” Nikadhani ni uzembe. Nikasonya, Baba. Nilikusonya wewe. Hukuiona kweli, na ni mimi niliyepaswa kuomba msamaha. Naomba sasa.

Siku ya mazishi wasifu wako ulisema marehemu alisumbuliwa na macho kwa muda mrefu. Hivyo tu. Nyumbani tulikuwa tunasema ni uzee, na hata sitini ulikuwa hujafika.

Kwenye faili kuna sehemu ya historia ya familia. Daktari anauliza: kwenye ukoo wenu kuna mwenye presha ya macho? Anauliza kwa sababu ugonjwa huu unatembea kwenye damu. Hauumi. Kilichopotea hakirudi, ila kilichobaki kinaweza kulindwa kwa dawa ukiwahi. Watu wengi wanajibu hapana, na mimi naandika hapana. Siku hiyo, baada ya yule dereva, nilijiuliza watu wa kwetu wangejibu nini. Wote wangejibu hapana.

Jumapili nikaenda nyumbani. Mama mdogo aliweka kikombe cha chai pembeni ya baba mdogo Yohana, na mdogo wako akapapasa hewani kabla ya kukipata. Nikamuuliza macho yanaendeleaje, akajibu anaona mpaka barabarani. Jibu lako lilelile, Baba, na sauti ni ileile.

Ningefanya nini? Yeye ni baba yangu, siwezi kumwamrisha. Na dokta alishanionya kwamba karani haambii mtu ugonjwa wake. Basi nikamsimulia habari zako: bodaboda, alizeti, dirisha. Nikamtajia jina la ugonjwa. Aliinuka akaenda kwenye zizi, nikajua nimemkosea heshima. Mama mdogo aliendelea kuchambua mboga kama hakusikia. Baba mdogo alirudi baada ya muda mrefu, akakaa. “Juzi niligonga nguzo ya zizi,” akasema, “nikamsingizia ng'ombe.” Tukacheka, kisha hatukucheka tena. Mwaka mzima alikuwa anajua kuna kitu, na alikuwa anaogopa peke yake, kwa sababu alikuona wewe.

Jumanne alifika kliniki kwa bodaboda, amevaa koti la kanisani. Nilimwambia dokta huyu ni baba yangu mdogo, labda aandike mwingine. Akauliza kama mkono wangu unaweza. Nikasema unaweza.

Lilipofika lile swali la ukoo, baba mdogo alifungua mdomo, na mimi nilijua mazoea yangemjibia. Aligeuza kichwa chote akanitafuta kwenye kona yangu. Kisha akamjibu dokta: “Kaka yangu. Alikuwa nayo mpaka akapofuka, na hatukujua.” Nikaandika: ndiyo, kaka, marehemu.

Baba, jicho la kushoto limeshapoteza sehemu kubwa ya pembeni. Niligusa langu mara mbili kabla ya kuandika. La kulia ni zima kwa sehemu kubwa. Amepewa dawa ya matone, kila jioni, maisha yake yote. Aliuliza kama ataona mavuno ya mwaka huu, dokta akamwambia ataona mengi, asije tu akaichoka dawa. Mama mdogo ndiye anayemwekea, na anamgombeza akipepesa. Na mimi nimepimwa. Niko salama, nitarudia kila mwaka.

Lala salama, Baba. Nakuahidi hivi: kila mtu wa damu yako atalisikia jina la ugonjwa wako kutoka kinywani mwangu, atake asitake, na nitampeleka mwenyewe kupimwa. Watoto wa baba mdogo wanakuja Ijumaa. Na mwanangu Emanueli, yule uliyempapasa uso ili umjue, anaanza shule mwakani. Siku daktari atakapomuuliza kama kwenye ukoo wake kuna mwenye presha ya macho, atajibu ndiyo, babu yangu.

Binti yako,
Mariamu