Kofia ya Kichawi Mkobani mwa Tanki

Shangazi Desanka,

Nakusoma gazetini kila Alhamisi hapa gereji tunapobadilisha matairi, na siku zote nilikuwa nawacheka wanaokuandikia, leo zamu yangu imefika, nisaidie mwenzio nimekwama. Naitwa Ognjen, wa hapa Užice, nina mchumba, Jelisaveta, na harusi yetu ilikuwa iwe mwaka huu plamu zikishavunwa, ila sasa sijui kama harusi ipo, na chanzo ni mchezo wa kompyuta, tafadhali usicheke bado.

Tunacheza wanne, kila mtu kwake, tunaongea kwa vipaza sauti. Jelisaveta ni mganga, anatibu majeraha, kum wangu Radoš, ambaye ndiye atakayesimama nami kanisani na kuwa baba wa ubatizo wa watoto wangu, ni mpiga mishale, mama mkwe mtarajiwa, Mama Stamena, ni mwizi, anafungua makufuli na kuchomoa vitu mikobani, na kusema kweli kazi hiyo anaipenda kupita kiasi, halafu mimi ni tanki, yaani yule wa mbele mwenye deraya ya chuma anayepigwa ili wengine wasipigwe. Sasa shangazi, mwaka mzima nimepigwa. Radoš akiachia mshale mmoja tu wanapiga kelele, "Weweee! Mwanaume huyo!", mimi nikila rungu la jitu kichwani hakuna anayesema hata pole, kazi yangu kuangalia matumbo ya majitu, nikaona na mimi nifanye kitu cha kupendeza Jelisaveta akione, nikaanza kimyakimya kusomea uchawi, kila nilipopanda daraja badala ya kuongeza nguvu za mpiganaji nikaongeza za mchawi, nikachagua moto, radi na ule wa kutoa vipepeo vya rangi, nikajiambia nitakuwa tanki anayerusha moto, nani kama mimi.

Kumbe mchawi hawezi kufanya ishara za mikono akiwa na glavu za chuma. Kila nikitamka, moto unanizimikia vidoleni. Basi nikawa navua deraya katikati ya vita, na deraya haivuliki haraka, jitu linanipita mguu wangu mmoja ukiwa bado ndani ya chuma, linakwenda moja kwa moja kwa Jelisaveta, anakufa, tunakufa wote, Mama Stamena anafoka, "We Ognjen, umelala?" nami nikajibu, Mungu anisamehe, "Mtandao unakatika, mama."

Hapo ndipo nilipojimaliza. Radoš akisikia nina shida haulizi mara mbili, Jumamosi akaja na ngazi na waya mpya, upepo unavuma kutoka milimani, akapanda juu ya paa letu kutafuta hitilafu ambayo haipo, mimi niko chini nimeshika ngazi namwambia "Taratibu, kum," ukweli sikusema. Jumamosi iliyofuata akarudi, akateleza, akateguka kifundo cha mguu, mama yangu akamfunga majani ya kabichi yaliyoloweshwa rakija, ile pombe yetu kali ya plamu, na bado sikusema!

Wiki hiyohiyo tuko mchezoni, Mama Stamena kwa mazoea yake akaingiza mkono mkobani mwangu, akachomoa kofia ndefu yenye nyota. "Hii ya nani?" akafoka. Nikakiri ni yangu, nimesomea uchawi. Radoš naye akauliza, "Kum, mtandao wako mzima?" Nikasema mzima. Akasema, "Basi tafuta mwingine wa kusimama nawe kanisani," akatoka. Mama Stamena anasema mtu aliyeshindwa kusimama kati ya binti yake na jitu la kwenye kioo asimwombe binti mwenyewe. Jelisaveta hanitukani, afadhali angenitukana, anasema tu bila Radoš haoni harusi itakuwaje, na anajiuliza nimemficha nini kingine. Shangazi, nifute uchawi wote nianze upya? Au tubadilishe mchezo?

Tanki Asiyefaa, Užice

*

Ognjen mwanangu,

Uliniomba nisicheke bado, nikashindwa, nisamehe. Sasa nimemaliza. Kaa chini.

Tubadilishe mchezo? Una akili timamu wewe? Mtu kateguka mguu juu ya paa lako, unaniuliza habari za mchezo! Hakuna aliyekasirika kwa sababu umesomea uchawi. Radoš amekasirika kwa sababu ulimshikia ngazi. Ulijua kule juu hakuna kitu, ukamwangalia anapanda na huo upepo, ukamwambia taratibu. Mimi ningekupiga na hiyo ngazi.

Leo hii, si kesho, nenda kwake kwa miguu. Usipige simu, usimtume mama yako. Chukua rakija ya baba yako, ile anayoificha, si ile ya wageni. Mwambie, "Nilikudanganya, ukaumia kwa ajili yangu." Kisha funga mdomo. Habari za glavu za chuma usizitaje kabisa. Akikufukuza, ondoka, kesho rudi tena, na keshokutwa. Mama Stamena naye mwombe radhi, halafu mwache afoke mpaka achoke, wala usijitetee.

Tukija kwenye uchawi wako, mimi nacheza na wifi zangu, usishangae, nami ni mpiganaji-mchawi na ndimi ninayekaa mbele. Kuchanganya si kosa. Kosa ni ulivyochanganya. Anza na upiganaji mpaka mwili ukomae, tafuta deraya inayoacha vidole wazi, ndipo uongeze uchawi kidogo, tena wa kulinda: ngao ya hewa, ukungu wa kumpotezea adui shabaha, na ule wa kuruka ghafla ukatua kati ya jitu na mwenzako. Moto waachie wengine. Na vipepeo, Ognjen! Vipepeo vya nini vitani? Futa. Tena waambie wenzako kabla hujagusa chochote, maana tanki akibadilika kundi zima linabadilika.

Limebaki moja, na hili ndilo lililonikera kuliko yote. Unalalamika hakuna aliyekuwa anakuona. Mwaka mzima umecheza na mganga na hujui mganga anafanya nini? Mganga hana nafasi ya kuangalia mishale ya Radoš. Hata jitu lenyewe yeye halioni vizuri. Anaangalia uhai wa tanki, ule mstari mwekundu, ukishuka anaupandisha, ukishuka anaupandisha. Hata kelele za kumshangilia Radoš zilipopigwa, macho ya Jelisaveta yalikuwa kwako, hayakubanduka. Kila rungu lilipokutua kichwani ni yeye aliyekuinua. Pole gani nyingine ulikuwa unaitaka?

Ukitoka kwa Radoš pitia kwake, umwambie kwamba hukujua.

Shangazi Desanka