Uzi Mwekundu Chini ya Makala

Alhamisi, Matiliku.

Mawingu yalikuja tena leo, yakakaa juu ya vilima mchana kutwa, kisha yakaondoka bila kutuachia hata tone. Siyaamini tena. Wiki hii sijaamini kitu chochote, wala mtu.

Tangu nimalize kidato cha nne nimekuwa nikiunda lugha ndogo ya programu. Naiita Suka. Nilimtengenezea Susu, nyanya yangu, ambaye husuka viondo pamoja na akina mama wa kanisa letu. Unaiambia Suka kiondo kina mishono mingapi kwa mzunguko mmoja, na pambo lako linachukua mishono mingapi. Kama pambo likizunguka halitakutana na mwanzo wake, Suka inakataa hapo hapo, kabla hujapoteza kazi ya wiki nzima. Basi. Hakuna zaidi.

Aliyesema kwamba hiyo ni kazi ya maana ni Madam Nduku. Alitufundisha kompyuta shuleni, na sasa yuko mjini Wote, anafundisha huku akisomea shahada ya uzamili. Aliniazima kompyuta yake ya zamani. Akaniambia kuna kongamano la ng'ambo, la watu wanaochunguza lugha za programu, na kwamba hupokea makala kutoka popote. Mimi niliandika, yeye akaninyooshea Kiingereza.

Jumapili, baada ya ibada, akanitumia nakala ya mwisho.

Jina langu halikuwemo.

Mahali pake palikuwa na maneno kwamba mwandishi hatajwi. Matiliku imegeuka "mji mmoja mdogo". Susu amekuwa "msukaji mmoja". Nilimpigia Madam simu.

"Ndivyo wanavyotaka, Mutheu. Majina tunatoa. Halafu usiandike chochote kuhusu Suka kwa ile blogu yako, sawa?"

"Sawa, Madam."

Mimi ni mtu wa sawa. Shuleni niliitikia sawa hata nilipoonewa kwenye foleni ya chakula.

Lakini kichwani mwangu hakukuwa na sawa yoyote. Nilianza kukusanya mambo. Kwa nini akaunti ya kutuma makala ni yake? Kwa nini siku hizi anasema "makala yetu"? Na kwa nini nikatazwe kuandika kwenye blogu inayosomwa na binamu zangu na labda mtu mmoja aliyepotea njia? Mtu akitaka kuiba, si angefanya vivyo hivyo?

Nilimweleza Susu. Alikuwa anasokota katani kwenye paja lake, na hakusita hata kidogo.

"Wewe mtoto, umesoma mpaka kidato cha nne na hujui kuweka alama?"

Kila kiondo cha Susu kina uzi mwekundu chini kabisa, ndani, mahali mnunuzi haangalii. Alianza kuuweka baada ya broka mmoja kuchukua viondo vyake na kuwaambia wateja kwamba vimesukwa na mke wake. "Ukimpa mtu kiondo bila alama," akasema, "usilie akikiita chake."

Kwa hiyo jana nikaweka uzi wangu. Katika mfano wa mwisho wa makala kuna programu fupi, na nikaongeza mstari mmoja inaouandika ikimaliza kazi: *Imesukwa na Mutheu wa Matiliku.* Nikamwambia Madam nimesahihisha koma mbili tatu. Akaituma jioni, siku ya mwisho ya kupokea makala. Nililala vizuri.

Leo asubuhi nikapanda kwenye mwamba nyuma ya nyumba, ambako mtandao unashika, nikasoma masharti ya kongamano mwenyewe. Sikuyasoma ili nijifunze. Nilikuwa natafuta ushahidi dhidi yake.

Masharti yanasema hivi: wahakiki hawatakiwi kujua ni nani ameandika, ili asipendelewe mtu kwa sababu ya jina lake au chuo chake. Makala itakayomtaja mwandishi itatupwa bila kusomwa.

Bila kusomwa.

Nilikaa pale juu ya mwamba nikihisi joto usoni. Mimi, ninayeogopa kusimama mbele ya watu, nimepewa mahali ambapo kazi inatazamwa na uso haujulikani. Na nimekwenda kuubandika uso wangu mwenyewe. Ndiyo maana hata blogu alinikataza. (Chapisho hili limefungwa, litafunguliwa wahakiki wakishatoa majibu.)

Kitu kimoja kiliniokoa. Kongamano hili huhesabu siku kwa mahali pa mwisho duniani ambapo jana haijaisha. Kwetu, mwisho wa kupokea ulikuwa leo, karibu saa tisa alasiri. Lakini akaunti haikuwa yangu. Ilibidi nipige simu.

"Madam, kuna kitu niliweka kwenye makala. Uzi."

"Uzi gani tena?"

Nikamweleza yote, mpaka uzi wa Susu, mpaka broka.

"Kwa hivyo mimi ndio broka wa viondo?"

Kwenye simu huwezi kuitikia kwa kichwa.

"Ndiyo, Madam. Nilifikiri hivyo."

"Haya." Sauti yake haikuwa na kicheko. "Niko darasani mpaka jioni. Nakutumia nenosiri. Ingia, toa huo uzi wako, utume upya. Kugombana tutagombana baadaye."

Niliingia. Nikafuta mstari, nikatuma upya, nikaona imepokewa, na saa tisa ilikuwa bado.

Kisha nikaona sehemu ya waandishi, ile ambayo wahakiki hawaonyeshwi. Msomaji mwema angependa niseme sikuifungua. Niliifungua.

Jina langu lipo. Ni la pili.

La kwanza ni lake.

Sasa sijui. Labda aliandika haraka, akaanza na mwenye akaunti. Labda huko vyuoni mpangilio wa majina hauna maana. Labda una maana sana. Nenosiri lilikuwa mkononi mwangu na ningeweza kuyabadilisha majina yale kimya kimya, kama nilivyoweka uzi. Kidole kilikuwa tayari.

Nikatoka kwenye akaunti.

Uzi wa kufichwa umeshanitosha. Alikuwa mkweli kuhusu majina, na nilimshuku. Huenda si mkweli kuhusu mpangilio, na nikinyamaza nitamshuku mpaka nizeeke. Jumamosi naenda Wote kurudisha kompyuta yake kama ataitaka, na kumwuliza ana kwa ana.

Jioni hii nimefanya mazoezi mbele ya mbuzi wa Susu. "Madam, kwa nini jina langu ni la pili?"

Sauti ilitoka. Ndogo, lakini ilitoka.