Tarehe Niliyoshindwa Kuijaza

Binti yangu Nsimire,

Tangu tukuzike sijatuma faili la kaya za parokia, orodha ya wanaotibiwa kituoni. Kituo cha afya hakipokei faili lenye marehemu, na bila faili jipya watoto waliozaliwa parokiani mwezi huu hawatibiwi. Kazi yako imeniangukia mimi, mwalimu mstaafu wa hesabu, kwa kuwa ni mimi uliyenionyesha programu yako.

Nakumbuka faili la kwanza. Ili liwe jepesi kwa intaneti dhaifu ya mtaa wetu wa Kadutu, uliwaandika watu wote mfululizo, bila lebo ya kaya. Kompyuta ya kituo ikawakusanya kwa jina la ukoo. Kumbe kwetu kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe. Ndugu wa tumbo moja hawafanani majina. Nyumba zikasambaratika ndani ya faili. Jirani yetu muuza sambaza, wale dagaa wa ziwani, akaja mbio, mwanawe mgongoni ana homa.

“Nsimire! Banasema huyu mutoto haiko wa kwangu. Nilimuzaa mimi, ao mashini yako ndiyo ilimuzaa?”

Ulicheka, kisha ukamwona mtoto anavyotetemeka, ukavaa viatu. Ulikwenda naye kituoni kwa miguu, ukasimama pale hadi akapokelewa.

Uliporudi ulinieleza, nami tangu hapo sichoki kuwaeleza wengine. Programu hushika vitu vyake kwa mikusanyo: kaya, na ndani ya kaya watu. Inapoviandika katika muundo uitwao XML, kila kitu kikifunguliwa kwa lebo na kufungwa kwa lebo, hufuata mazoea yake isipoelekezwa. Ukaielekeza: kila kaya iwe na lebo yake, wazazi watangulie, watoto wafuate, ndipo ifungwe. “Sasa banalala chini ya paa moja,” ukasema.

Baadaye alifariki mzee mmoja wa kisiwa cha Idjwi aliyehamia mtaani kwetu. Nikataka kumwondoa kabisa kwenye mkusanyo.

“Papa, wewe nawe! Unafuta muzee wa batu? Abakie ndani. Tunaweka tu sharti: mutu akiwa na tarehe ya kifo, asiandikwe kwenye faili.”

Sharti hilo bado lipo, mwanangu, na linafanya kazi vizuri. Halikuhitaji kwangu utaalamu wowote. Lilihitaji niandike tarehe katika nafasi iliyo tupu mbele ya jina lako. Nilikuwa nafungua kompyuta, naitazama nafasi ile, nafunga. Niliwaambia watu kwamba programu ina hitilafu.

Mama yako hakudanganyika. “Papa Nsimire,” alisema leo baada ya misa, “batoto ya batu banangojea.” Akavuta kiti, akaketi kando yangu.

Nikaijaza tarehe yako. Nikaiendesha programu, nikatafuta kaya yetu ndani ya faili. Lebo ilifunguliwa, likaja jina langu, likaja jina la mama yako, lebo ikafungwa.

“Ni hivi tu?” akauliza.

“Ni hivi tu.”

Alishika mkono wangu, nikatuma kwa mkono mwingine. Jibu la kituo likafika kwamba wamelipokea faili.

Mungu akutunze huko ambako mikono yetu haifiki.

Papa yako