Jina Alilonyamazia Mtoto

Mamboleo, 9 Juni 1991

Mdogo wangu Anyango,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Mahindi yameota, na ule mguu wangu umepoa.

Seline, mke wa mwanangu Ouma, amejifungua mvulana zeruzeru. Anyango, watu wa nyumba hii wamenichukiza hadi chakula kinanikataa. Mzee wangu hataki hata kumshika mtoto. "Huyu amezaa na mzungu," anasema. "Arudi kwao Katito!"

Sista wa kliniki alitueleza kwamba mbegu ya weupe huo hujificha chini ya ile nyeusi vizazi na vizazi, na mtoto hutoka hivyo akiipata kwa baba na kwa mama pia. Mzee akatema mate. "Kwetu haijawahi kuonekana!"

Ni yeye mwenyewe aliyeniambia, tulipooana, habari za kaka yake Oduor, zeruzeru waliyemficha ghalani hadi akafa, wakamzika bila kilio.

Jana mtoto alilia sana. Unajua desturi yetu: tunamtajia majina ya marehemu, na lile analonyamazia ndilo lake. Mzee alikuwa amekataza jina lolote la kwao. Nikambeba mtoto, nikasimama mbele ya kiti chake, nikasema kwa sauti, "Oduor."

Mtoto akanyamaza. Mzee hajaitaja tena habari ya Katito.

Niombee, maana hasira hii bado sijamkabidhi Mungu.

Dada yako,
Dorca