Kibao Kinachotabasamu

Jumatatu, 4 Machi

Manispaa wamefunga kibao cha kupima mwendo mbele ya ukumbi wetu wa wazee, hapa Sokcho. Gari likipita chini ya kilomita thelathini kwa saa, kinatabasamu. Likizidisha, kinanuna. Bi Namgung wa manispaa anasema wataangalia wiki mbili: wastani ukizidi arobaini, kikomo kitashushwa kutoka hamsini hadi thelathini. Malsun, aliyevunjwa nyonga na pikipiki hapo hapo mwezi wa Novemba, alimshika mkono, hakutaka kuuachia.

Jumatano, 6 Machi

Kumbe kinapima hata watu! Mzee mwenzangu Chilbok kavuka: 3, tabasamu. Basi karata zimetupwa, sote tuko barabarani. Malsun na kigari chake cha kusukuma: 2. Chilbok akakimbia: 7! Kisha akalala chali sakafuni mwa ukumbi nusu saa.

Mimi: 4.

“We mtu wa Hamhung,” akanitania kutoka pale chini, “hata vita uliikimbia kwa nne?”

Nilikuwa na miaka kumi na miwili, nikamwambia, tukivuka kutoka kaskazini kuja kusini. Na sufuria ya mama kichwani.

Tumevuka hadi giza likaingia.

Jumatatu, 18 Machi

Matokeo. Wastani: kumi na tisa.

“Hongereni! Hakuna mtaa salama kama wenu,” kasema Bi Namgung. “Hakuna haja ya kushusha kitu.”

Chilbok akatazama soksi zake. Ikabidi nikiri mimi: zile 2, 3 na 4 ni sisi, kwa miguu.

“Wazee wangu! Mmejipiga teke wenyewe!”

Watapima upya tarehe 26, saa tatu hadi saa sita. Hakuna mzee kutia mguu nje.

Jumanne, 26 Machi

Tumefungiwa, pua kwenye kioo. Na magari — yanatambaa! Wiki tatu zimewafundisha madereva kutafuta tabasamu. Lori la kabichi: 28, dereva akakipungia mkono. Yule yule wa pikipiki: 26!

“Kimbiza, mbwa we!” Malsun akapiga kioo. “Leo ndiyo unajua adabu?”

Kibao kitaondoka jioni. Kesho watarudia mbio zao.

Saa tano na nusu Bi Namgung kachungulia: wastani thelathini na tisa na ushei, maana wachache waliochelewa kazini walikimbia; arobaini bado. Akatoka. Wote wakanigeukia. Wenzangu walisharudisha leseni zao za udereva. Yangu ninayo bado, kwa ajili ya siku barabara ya kaskazini, ya kurudi Hamhung, itakapofunguliwa. Sijawahi kuzidi thelathini na tano.

“Hamsini ni halali, kaka,” kasema Malsun, koti langu mkononi. “Uende, urudi. Mara sita tu.”

Nimeomba kwenda msalani kwanza. Naandikia humu. Zimebaki dakika kumi na saba. Wanagonga mlango.