Mama Dionisia na Mtama wa Vumbini

Ni mwaka mmoja sasa tangu ulipotutoka, mama yetu Dionisia, hapa Nkowe, katika juma la kwanza la Majilio, 1953. Jembe lako bado limeegemea ukuta pale ulipoliacha.

Baba, Eustakio wako, jua la mchana likikaza husinzia barazani, na huko usingizini huuona moshi wa meko yako ukitambaa juu ya shamba, nawe umo ndani yake, umejifunga kaniki, unafukia mashimo kwa mguu. Akizinduka huuliza, "Mama Teofili amepita hapa?" Tunamjibu kwamba amepita.

Habari za mwaka ule wa njaa ametusimulia mwenyewe. Mashamba ya karanga ya Wazungu kule Nachingwea yalipofungwa, matrekta yakanyamaza, naye akarudi kwa miguu na blanketi moja begani. Kanisani hakukanyaga tena. Alisema Mungu amemwachisha kazi kama wale Wazungu. Hukubishana naye. Ulikwenda porini kuchimba mizizi ya ming'oko, ukaichemsha, ukamtengea kwanza yeye.

Juu ya meko yalikuwa yamebaki masuke ya mtama wa mbegu, meusi kwa moshi. Sisi watoto tulilia njaa, na baba aliyatazama masuke yale kila siku. Alipoamua kuyashusha yatwangwe, alikuta kamba tupu. Ulikuwa umekwisha kupanda mbegu yote kwenye vumbi, na mbinguni hakuna hata wingu.

Jirani yetu Ashura alikutania, "Mama Teofili, mwaka huu unafuga panya?"

"Panya nao wana Mungu, Mama Mbaruku," ukamjibu. "Haya ni Majilio, siku za kungoja Noeli. Wengine wanangoja wamekaa, mimi nangoja na jembe."

Njaa haina adabu. Baba alitwaa jembe akaenda kuifukua ile mbegu. Shimo la kwanza tu, akakuta punje zimelala pamoja mchangani, kavu, zinanukia moshi wa nyumbani kwake. Wewe ulikuwa umesimama kando.

"Baba Teofili," ukamwambia, "tukizila leo tutashiba jioni moja. Mimi nami naogopa. Lakini nimeshamwachia Mungu."

Miaka yote ya ndoa yenu hakuwahi kukusikia ukisema unaogopa. Akazirudisha punje shimoni, akazifukia kwa mguu wake mwenyewe, na Jumapili ile mkafuatana kanisani.

Mvua ilikawia hadi Noeli ikapita. Tulikula ming'oko mpaka tukaichukia, na panya walikula sehemu yao, Ashura hakukosea. Lakini imani ya baba ilitangulia kuota, na mtama ukafuata. Ashura alipokosa mbegu, ulimpelekea masuke mawili makubwa, wala hukumkumbusha habari za panya.

Mwaka huu mvua imegoma tena. Jana baba alishusha masuke yote mwenyewe. Kaka Teofili akamwambia mbingu nyeupe, asubiri kidogo.

Baba akasema, "Mama yenu naye tulimfukia kwenye vumbi. Leteni majembe."

Tukapanda hadi jua likatua, kila mmoja akifukia kwa mguu kama ulivyotufundisha.

Unakumbukwa na mumeo Eustakio, wanao Teofili, Teodosia na Kipriani, na jirani yako Ashura, ambaye naye safari hii amepanda vumbini. Tutakukumbuka daima, mama, nasi tunangoja.